Ukuta Uliolambwa na Mbuzi

Mwaisha binti Mosi alizaliwa Mlali, chini ya milima, na tangu alipoanza kusema alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu: haachi kuuliza. Akiona mchwa wamepanda upande mmoja wa mti, atauliza kwa nini wameuacha upande wa pili. Akiambiwa mvua inanyesha kwa sababu Mungu amependa, atataka kujua mbona kila siku Mungu anaanza kupenda kule juu Uluguru kabla hajashuka bondeni. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu itabidi aozwe kwa kiziwi.

Aliozwa kwa Dadi, mpagazi wa misafara, mtu mwenye masikio mazuri na subira nyingi. Enzi zile msafara ukiondoka pwani haukwenda na wanaume peke yao. Wake zao waliandamana nao, wakibeba sufuria na mikeka, wakipika kila walipotua. Mwaisha alizunguka hivyo miaka mingi. Aliijua njia ya Bagamoyo hadi Ugogo na kupita, akalala katika nyumba za kila namna, za msonge na za tembe, za wenyeji wakarimu na za wenye choyo, na kila alipolala aliuliza imejengwaje na nani. Ya kwake hakuwa nayo. Dadi alimwahidi kwamba watakapochoka kutembea watajenga Morogoro, mahali ambapo maji ya mlimani hayakatiki. Kabla hawajachoka, ndui ikamchukua Dadi huko Ugogo, na Mwaisha akarudi nyuma ya msafara wa watu wengine.

Halafu ikaja reli. Wadachi walipokuwa wakiitandaza kutoka Dar es Salaam, watu wengi ajabu walichimba tuta na kubeba vyuma, na watu hao walikuwa na njaa. Mwaisha akaifuata reli kama alivyofuata misafara. Alipika wali na maharage na chai ya tangawizi. Reli ikisogea, naye anasogeza mafiga yake. Treni ya kwanza ilipoingia Morogoro, alikuwa miongoni mwa waliosimama kandokando wakiitazama, rupia zake zimefungwa kiunoni, na miguu imechoka kweli. Akaamua kwamba safari zake zimeishia pale. Sasa anataka nyumba.

Shida ni kwamba kila mtu alitaka nyumba. Wafanyabiashara wa Kihindi walitaka maduka, makarani walitaka vyumba, na watu wa pwani walikuwa wakishuka kwenye kila treni na masanduku yao. Vibanda ambavyo jana mtu angevikataa hata kwa kuhifadhia kuni, leo vilikuwa na bei ya kumfanya mtu akohoe. Na aliyezitaja bei hizo bila kukohoa alikuwa dalali mmoja tu, jina lake Mwinjuma.

Mwinjuma alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kanzu iliyopauka kwa kufuliwa na sauti ya kupendeza masikioni. Alasiri, watu wakitoka msikitini, alisimama karibu na soko akaanza kuzisifu nyumba alizopewa kuuza, moja baada ya nyingine, na hata wasio na senti walisimama kumsikiliza. Siku Mwaisha alipofika, zamu ilikuwa ya nyumba moja ya upande wa Mwembesongo.

"Nyumba ya mtu mwenye heshima zake," alisema Mwinjuma. "Imeelekeza uso mlimani. Ukiingia chumba cha nyuma saa sita ya mchana, jua la kuchoma utosi, unakuta ubaridi wa mtungini. Hewa inatembea mle ndani kama mgeni aliyezoea. Na ardhi yake ina unyevu mwaka mzima. Inataka mkono mdogo tu wa fundi, basi."

Mwaisha alimwomba amwonyeshe. Walikwenda pamoja, na njiani aliuliza maswali mengi: nani aliijenga, nani anauza, jirani ni watu gani. Mwinjuma alijibu yote. Nyumba ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa Bagamoyo aliyekufa, na sasa warithi wake walitaka fedha. Jirani wa karibu ni mzee mmoja mpole. Walipofika, walikuta mbuzi watano au sita wamejipanga nyuma ya nyumba, wameshikamana na ukuta. Mwaisha aliuliza mbuzi wale ni wa nani. Mwinjuma alisema ni wa mtaa, na akaongeza palepale, bila kupumua, kwamba mbuzi hawakai mahali penye shari, kwa hiyo hilo nalo ni dalili nzuri.

Mwaisha akaingia. Kweli, chumba cha nyuma kilikuwa na ubaridi mtamu. Mlango ulikuwa umeinama, na nyasi za paa zilikuwa zimepata matundu, lakini mtu aliyelala porini miaka yote ile hatishwi na matundu. Alisimama katikati ya chumba akamkumbuka Dadi. Bei ilikuwa ya kununulia nyumba tatu za kabla ya reli. Akaipunguza kidogo kwa maneno, Mwinjuma akakubali haraka mno, na mbele ya akida na mashahidi rupia za Mwaisha zikahama kiuno.

*

Mwezi wa kwanza alikuwa na furaha. Alifunika matundu ya paa, akanyoosha mlango, akafungua biashara ya chai barazani. Ni baada ya hapo ndipo alipoanza kuona mambo.

Asubuhi akiamka, ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa umelowa, ingawa ilikuwa kiangazi na hata tone la mvua halikuwa limeanguka. Matone yalishuka taratibu kama jasho la mtu anayepanda mlima. Ikifika saa tano ukuta unakauka, na juu yake linabaki vumbi jeupe, laini kama unga wa muhogo. Akilifuta, kesho linarudi. Kanga aliyoitundika pale iliota madoadoa. Jembe alilolisimamisha ukutani likala kutu upesi hata akafikiri ameuziwa chuma kibovu.

Akamwita Dominiko, Mluguru wa upande wa Matombo aliyejifunza ufundi wa kujenga kwa mapadri na sasa alikuwa akifanya kazi mjini. Dominiko alikuwa mtu wa maneno machache. Aliupapasa ukuta, akanusa vidole, akasema maji yanapanda kutoka chini. Akachimba mfereji kuizunguka nyumba, kazi nzuri ya siku nyingi, na Mwaisha akamlipa. Ukuta ukaendelea kutoa jasho. Dominiko akarudi na aibu yake, akakwangua udongo wa juu, akakandika upya, akapaka chokaa nzito nyeupe hadi chumba kikang'aa. Baada ya wiki chache chokaa ikavimba, ikapasuka, ikaanza kudondoka vipande vipande kama gamba la kidonda.

"Mama, sijaona ukuta wa namna hii," alisema Dominiko. Akakataa kuchukua malipo ya chokaa.

Mtu mwingine pengine angelia au angetafuta mganga. Majirani wawili watatu walimshauri hivyo. Walisema huenda kuna kitu kimezikwa. Mwaisha hakukasirika bado. Alikuwa ameshikwa na jambo ambalo hakulielewa, na kwake hilo lilizidi hasira. Akawa anakaa kwenye kigoda uani, mbele ya ukuta, akiutazama kama watu wengine wanavyotazama ngoma. Aliona kwamba siku za mawingu ukuta hulowa zaidi, na siku za upepo mkavu unga mweupe huwa mwingi. Akaona pia kwamba ukuta wa mbele haukuwa na ugonjwa wowote. Mkavu, imara, chokaa yake imeshika.

Na mbuzi hawakwenda kamwe kwenye ukuta wa mbele.

Hilo alikuwa ameliona kila siku bila kuliona. Mbuzi walifika asubuhi, mara tu walipofunguliwa, wakapita barazani bila kugeuza shingo, wakazunguka nyuma. Pale walisimama, pua ukutani. Siku moja alisogea karibu akainama. Hawakuwa wakijikuna wala hawakuwa wakitafuta kivuli. Walikuwa wanalamba. Walilamba kwa bidii na kwa utulivu, wamefumba macho, na pale walipolamba zaidi ukuta ulikuwa umebonyea kama bakuli.

Mwaisha alisubiri mbuzi waondoke. Akatazama uchochoroni huku na huku, akaona hakuna mtu. Akaegemeza mikono ukutani, akatoa ulimi, akalamba.

"Ina ladha gani siku hizi?" sauti iliuliza.

Alikuwa Mzee Abasi, jirani yake, ameketi upande wa pili wa ua wa mabua akisuka kamba. Mwaisha alijifuta mdomo. Alitamani ardhi imfiche, lakini swali lilikuwa la mtu anayejua jibu, na hilo lilishinda aibu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ni chumvi," alisema Mwaisha.

"Ni chumvi," alikubali Mzee Abasi, akaendelea kusuka.

Ndipo akamsimulia. Kabla ya reli, nyumba ile ilikuwa ghala la yule mfanyabiashara wa Bagamoyo. Chumba cha mbele walilala watu wake, na cha nyuma kilijazwa makanda ya ukindu yaliyojaa chumvi ya pwani hadi darini, ikingoja misafara ya bara. Masika yakija chumvi ilikuwa inayeyuka na kuchuruzika. Sakafu ikanywa, kuta zikanywa, mwaka baada ya mwaka. Misafara ilipoanza kupungua chumvi ikahamishwa, lakini ile iliyonywewa ilibaki mle mle kwenye udongo, na kila hewa ikiwa na unyevu inauvuta, na jua likiwaka inatoka nje na kuwa unga.

Mwaisha aliutazama tena ukuta. Alijua chumvi ile. Dadi alikuwa amebeba makanda kama yale mabegani, na huenda mengine yalitoka katika chumba hichohicho anacholala yeye.

"Mzee wangu, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," alisema Mzee Abasi, bila ubaya. "Ulikuja siku ya kwanza ukaniuliza nani aliijenga, nikakwambia. Ukauliza kama mtaa una wezi, nikakwambia hauna. Hukuuliza ndani yake kulikuwa na nini. Na bei uliyolipa, mimi nilifikiri unajua jambo usilotaka kutuambia."

*

Alasiri ile Mwaisha alimfuata Mwinjuma sokoni, akangoja amalize kuisifu nyumba ya mtu, kisha akamwomba waongozane. Watu waliodhani watashuhudia ugomvi wakawafuata hatua chache, wakaona hakuna matusi, wakarudi.

Alimwingiza chumba cha nyuma. Akamshika mkono na kuubandika ukutani. Mwinjuma alishtuka kwa ule unyevunyevu, akautazama mkono wake, kisha akaunusa kama Dominiko alivyofanya.

"Ulijua?" aliuliza Mwaisha.

Mwinjuma alijifuta kiganja kwenye kanzu. Maneno yake ya sokoni yalikuwa yamemkimbia. Alisema kwamba hakuwahi kuingia chumba hiki. Alisimama mlangoni tu siku warithi walipompa nyumba aiuze, akahisi ubaridi, akausifu. Nyumba nyingi alizouza alizisifu kwa kusimama nje. Kazi yake, alisema, ni kuiona nyumba kwa macho ya mwenye kuuza, na mwenye kuuza haangalii pembeni.

"Na ile bei, uliitoa wapi?"

"Warithi walinitajia, nami nikaongeza. Nikasema nitaanzia juu, watu watanicheka, tutashuka. Lakini dada yangu, tangu reli ifike, nataja bei ya kuchekesha na hakuna anayecheka. Mtu ananitazama, anafungua mfuko. Hata wewe. Sijui kwa nini."

Alisema hivyo kwa mshangao wa kweli, na Mwaisha, aliyekuja kumkaba, akajikuta ameketi kwenye kigoda akitafakari naye. Ni kweli, kwa nini alilipa? Ubaridi wa chumba haukutosha. Kumbukumbu ya Dadi haikutosha. Alikuwa ametazama paa bovu na mlango uliopinda, akasikia bei ya nyumba tatu, na moyo wake ukamwambia lipa kabla hajaja mwingine. Nani alimwambia kuna mwingine? Hakuna. Waliongea hadi adhana ya magharibi, na hawakupata jibu. Kabla ya kuondoka Mwinjuma alitaka kumrudishia sehemu ya udalali wake. Mwaisha akaipokea, maana hakuona sababu ya kuikataa.

Dominiko alipoelezwa habari ya chumvi alifurahi kama mtu aliyeponywa. Ukuta wa nyuma na kuta za ubavuni za kile chumba hazina dawa, alisema. Zivunjwe hadi msingi, sakafu ichimbwe hadi kwenye udongo safi, na vyote vipelekwe mbali. Kuvunja si kazi. Kazi ni kubeba kilima kizima cha udongo.

Suala la kubeba lilitatuliwa na watu ambao Mwaisha hakuwafikiria. Wakwavi waliokuwa wakichunga ng'ombe upande wa Mkata walikuja mjini kuuza ngozi, wakapita uchochoroni, wakaona lundo la udongo na mbuzi wote wa mtaa wakiwa juu yake. Mmoja wao aliokota bonge, akalionja, akawaita wenzake. Siku zilizofuata wakaja na punda na mifuko ya ngozi, wakabeba udongo wote kwa ajili ya ng'ombe wao, wakashukuru, na wakamwachia Mwaisha kondoo jike. Dominiko akajenga chumba upya kwa fito na udongo mwekundu wa mlimani. Kazi ilichukua kiangazi chote kilichobaki, kwa kuwa fedha ilipatikana kwa vikombe vya chai. Kona moja, pale ilipokutana na ukuta wa chumba cha mbele, iliendelea kutoka unga kidogo, na haikupona.

*

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, Mwinjuma alifika barazani na mtu aliyevaa koti. Alikuwa karani mpya wa simu ya telegrafu pale stesheni, Gabrieli, aliyesomeshwa na misheni ya Bagamoyo, na alikuwa akitafuta nyumba ya kununua kwa ajili yake na mkewe Paskalia. Mwinjuma alisema kwa haya kwamba hakuja kumshawishi auze. Ila Gabrieli alikuwa amepita nje, akaipenda nyumba, akataja mwenyewe bei. Mwinjuma aliirudia bei hiyo mara mbili, kwa kuwa ilikuwa kubwa kuliko ile aliyolipa Mwaisha, na safari hii yeye dalali hakuwa ameongeza kitu.

Mwaisha alimkaribisha Gabrieli ndani. Kisha akamwambia yote, kwa sababu alitaka kuona bei itafanya nini. Akamweleza habari ya makanda, jasho, jembe lililoliwa na kutu. Akampeleka kwenye ile kona, akakwangua unga mweupe kwa kucha, akampa aonje. Gabrieli alionja kwa adabu. Mwaisha akasema pia kwamba masika yaliyopita paa lilivuja mahali pawili, na kwamba mbuzi bado wanakuja.

Gabrieli alisikiliza hadi mwisho.

"Ahsante, mama, kwa kunieleza," alisema. "Na kutoka hapa hadi stesheni, mtu akitembea kawaida, treni ikipiga honi anaiwahi?"

"Anaiwahi," alisema Mwaisha. "Hata akiwa na mzigo."

"Basi bei yangu ni ile ile."

Mwaisha na Mwinjuma wakatazamana. Miaka yote Mwinjuma alikuwa akisifu ubaridi na hewa na milima, akikesha kutafuta maneno, na huyu hapa mtu ameambiwa kila kasoro kwa kinywa cha mwenye nyumba, ameionja kwa ulimi, na hajapunguza hata hela moja. Hakuwa akinunua kuta. Mwaisha naye akaona alichokuwa amelipia siku ile bila kukijua: alilipia ule umbali mfupi wa kufika kwenye honi. Watu wote waliokuwa wakishuka na masanduku, wale ambao moyo wake ulimwambia wapo nyuma yake, walikuwa wamekuja kwa njia ile ya chuma, na walitaka kulala karibu nayo.

Alifurahi sana kulijua hilo. Alifurahi hivi kwamba alikaribia kuuza. Lakini alifikiri akiuza itambidi anunue tena, na bei ya huko aendako itakuwa imepanda vilevile, na pale barazani wasafiri walikuwa wameshaizoea chai yake. Akamwambia Gabrieli kwamba nyumba haiuzwi, ila chumba kile kipya cha nyuma, kikavu, kipo, kama yeye na mkewe watapenda kupanga. Gabrieli akaenda kumwita Paskalia akione. Paskalia, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, aliingia, akagonga ukuta kwa kiganja, akaangalia dari, akauliza ni wapi anaweza kupanda mchicha. Wakapanga.

Wakakaa pale miaka mingi, hata watoto wao wawili wakazaliwa mle. Mwinjuma aliendelea na udalali hadi uzee, ila watu walisema sifa zake zilikuwa zimepungua utamu, na mteja akimbana alikuwa akimwambia afungue milango yote mwenyewe. Mwaisha aliuza chai. Jioni, Gabrieli akirudi kutoka stesheni, hakuruhusiwa kuvua koti kabla ya kumweleza tena jinsi neno linalogongwa Dar es Salaam linavyopita ndani ya waya mwembamba bila kuanguka njiani. Gabrieli alijitahidi. Alichora kwa kijiti mchangani, akafananisha na maji, akafananisha na kamba inayovutwa.

"Sawa," Mwaisha alikuwa akisema kila mara, akimmiminia chai. "Lakini maneno mawili yakikutana katikati, moja linakuja na moja linakwenda, lipi linapisha jingine?"